Mlango wa Mwalimu Mwoga

Sifa zote zimrudie Mwenyezi Mungu, aliyeuweka ulimi laini katikati ya meno makali na kuulinda. Aliyempa mwanadamu kalamu huku akijua kwamba ataiangusha mara nyingi kabla ya kuishika vizuri.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi nimewafundisha watoto kusoma Kitabu, katika kijiji kimoja cha upande wa Kabambare, kando ya barabara inayokwenda Kasongo. Leo nataka kumshukuru mtu ambaye si wa dini yangu wala si wa ukoo wangu. Jina lake naliacha, kwa kuwa mwenyewe hakupenda litajwe penye watu wengi. Watoto walimwita Mwalimu wa Mulango. Yeye alijiita mwoga.

Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amekaa nyuma ya motari, yule dereva wa pikipiki, amekumbatia mlango. Upande wa Salamabila kulikuwa kumechafuka, na watu walipita kwetu kila siku. Wakimbizi hubeba godoro, sufuria, kuku, hata mashine ya kushonea. Huyu alibeba mlango wa mbao, wa buluu iliyobambuka, bila nyumba. Wanawake waliokuwa wakianika muhogo walicheka mpaka wakaketi chini.

"Papa, umesahau ukuta!" mmoja akamwambia.

"Ukuta iko nyuma, inakuja na miguu," akajibu, wala hakutabasamu.

Tulimpa nyumba ya udongo ya ndugu yangu aliyehamia Nyangwe. Nyumba ile haikuwa na mlango, tukadhani sasa tumeelewa. Lakini hakuupachika. Penye mlango alitundika kitenge, na mlango wake akauegemeza kwenye ukuta wa nje, kimo cha watoto. Akachukua kipande cha muhogo mkavu akaandika juu yake hesabu ya kugawanya. Muhogo ndio ulikuwa chaki yake siku zote. Jioni mbuzi walikuja kulamba masomo.

Ndivyo alivyoanza. Watoto walioshindwa shuleni walikwenda kwake baada ya masomo, wawili, watatu, kisha uwanja ukajaa.

Sijapata kumwona mtu mzima anayeogopa kama yule, na nimezeeka katika nchi inayojua kuogopa. Pikipiki ikisikika mbali, alikatiza neno akahesabu kwa midomo: moja, mbili, tatu. Ikiwa ni moja tu, aliendelea. Zikiwa nyingi, alinyamaza mpaka zipite, na muhogo ulisagika vidoleni mwake ukamwagika kama unga. Viatu havikumtoka miguuni, hata wakati wa kula. Hakukaa mahali asipoiona njia. Sufuria ikianguka kwa jirani, jasho lilimtoka. Mkono wake ulitetemeka alipoandika, na tarakimu zake zilikuwa kama kuku waliokimbizwa.

Siku moja mtoto akamwuliza mbele ya wote, "Mwalimu, mukono yako inatetemeka juu ya nini?"

"Ninaogopa."

"Unaogopa nani?"

"Watu wengi. Lakini angalia hapa. Saba mara nane. Imetetemeka, imepinda, na bado iko hamsini na sita. Mukono inaogopa, hesabu haiogopi."

Nilikuwa napita, nikaona aibu kwa niaba yake. Kwetu mwalimu hawaambii watoto kwamba anaogopa. Mimi niliogopa miaka yote ile, na hakuna mtoto aliyejua.

Sasa niseme kwa nini nilimhitaji. Mjukuu wangu Aziza, niliyemlea tangu mama yake alipofariki akijifungua, alikuwa amefika mwisho wa sekondari. Alitaka kuwa muuguzi, na sababu yake haikuhitaji kuelezwa nyumbani kwetu. Lakini mtihani wa Leta, ule wa serikali wa kumaliza sekondari, una sehemu ya mdomo. Mtoto anaingia chumbani peke yake, anakaa mbele ya mtu asiyemjua, anaulizwa kwa Kifaransa na kujibu kwa Kifaransa. Mwaka wake wa kwanza Aziza aliingia, akakaa, akatoka. Hakusema neno hata moja. Si kwamba hakujua. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alinitajia majibu yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ndogo, huku machozi yakimtoka.

"Sasa mbona hukuyasema mule ndani?"

"Sikuwa na hakika, Babu."

Baadaye alifunga nguo zake katika mfuko akauweka nyuma ya mtungi wa maji. Hakunificha. Alisema atarudia mtihani mara moja tu, kwa ajili yangu. Akinyamaza tena, atakwenda Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, awapikie wachimbaji kama wenzake watatu waliotangulia. Kati ya hao watatu, mmoja tu alikuwa amerudi, na aliporudi hakutaka tumtazame usoni. Kila nilipokwenda kunywa maji niliuona mfuko ule. Nilimwomba Mungu asubuhi na jioni, na bado niliuogopa kama mtu anavyomwogopa nyoka aliyejikunja ndani ya nyumba na hajulikani ataamka lini.

Nikampeleka Aziza kwenye mlango wa buluu.

Chuoni kwangu kuna desturi ya zamani: mtoto akija asubuhi huleta ukuni mmoja kwa ajili ya moto wa mwalimu. Asiye nao hurudi porini akautafute. Mwalimu wa Mlango aliiona desturi hiyo akaichukua, ila akaigeuza. Kwake kila mtoto alileta kosa. Lilitakiwa kosa la kweli, alilolifanya mwenyewe jana yake. Alilisema mbele ya wenzake, akaliandika mlangoni kwa muhogo, kisha wote wakatafuta ni wapi lilipoacha njia.

"Wewe, ukuni yako iko wapi?"

"Leo sina, Mwalimu. Yote nimepata."

"Basi ulisoma mambo mepesi. Rudia nyumbani, tafuta."

Na mtoto akileta kosa kubwa, ambalo hakuna aliyewahi kulileta, mwalimu alisimama wima, akainamisha kichwa kama mtu anayepokea heshima, akasema, "Hii ni kuni ya siku tatu." Wengine walimwonea wivu yule aliyekosea. Sikuwahi kuona jambo kama hilo.

Aziza hakuleta kitu. Alikaa mwisho na kufunga mdomo. Akarudishwa. Kesho yake akarudishwa tena, na kesho kutwa. Siku ya nne nilikwenda mwenyewe.

"Mwalimu, mutoto wangu unamurudisha juu ya nini? Hana kosa."

"Iko nalo, Mwalimu mukubwa." Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote. "Amelificha vizuri. Nani alimufundisha kuficha?"

Nikamweleza jinsi nilivyomfundisha, na sikuwa na haya, nilijivuna. Kwangu aya haisemwi mpaka ikomae kichwani. Mtoto hufunga mdomo, huizungusha moyoni siku mbili au tatu, na akifungua mdomo hutoka kamili. Aziza aliwapita wote. Miaka saba alisoma mbele yangu bila kukosea hata mara moja. Wenzake wakikosea nilipiga meza kwa fimbo. Watoto sikuwapiga, nilipiga meza.

Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa njiani kama kawaida yake.

"Kitabu cha Mungu kilishuka kizima," akasema, "na ni vizuri kukipokea kizima. Lakini Kifaransa ya Aziza haikushuka. Anaijenga yeye mwenyewe. Na mwenye kujenga nyumba anaanza na matope."

Niliondoka kwa hasira. Nilipofika kwenye mtaro nikasimama. Niliikumbuka meza yangu. Nikayakumbuka mabega ya Aziza akiwa na miaka sita, jinsi yalivyoruka kila fimbo iliposhuka, ingawa kosa lilikuwa la mwingine. Nilikuwa nimeuogopa mfuko nyuma ya mtungi, na sasa niliogopa kwamba mimi ndiye niliyeufunga.

Jambo hilo sikumwambia mtu.

Mwalimu alimfunguaje Aziza mdomo? Polepole, kama mtu anavyovua samaki kwa mkono. Siku moja alimwambia, "Sitaki jibu nzuri. Nipe jibu moja ambalo una hakika iko mbaya." Aziza akacheka, kwa sababu hilo alilijua mara moja, akalisema. "Vizuri. Sasa nipe lingine, baya kidogo tu." Akalitoa. "Basi, kama unajua mabaya iko wapi, nzuri haiko mbali." Siku nyingine alimkabidhi watoto wadogo awafundishe, akakaa kati yao na kuuliza maswali ya kijinga mpaka Aziza akamkemea: "Mwalimu, nyamaza kwanza, unaharibia wenzako!" Yule mtu alifurahi kwa kukemewa kama aliyepewa mbuzi.

Lakini nisimpambe. Alikuwa na mambo yake. Aliyashukuru makosa ya watoto, lakini katika mchezo wa dama hakuvumilia kushindwa. Tulicheza kwa vifuniko vya chupa, na kila nilipomshinda alisema nimehamisha kifuniko alipokuwa akiangalia njia.

"Mutu wa dini, na unaiba!"

"Mutu wa shule, na hujui kuhesabu!"

Aliondoka akinuna, kesho akarudi na vifuniko mfukoni. Kanisani alikaa karibu kabisa na njia ya kutokea, na padri akirefusha mahubiri alitoka nje kupumua. Wazazi aliwavumilia kidogo sana. Mama mmoja alipomwita mwanawe kichwa cha jiwe, alimwambia, "Basi muchukue ukajengee," akamgeukia mtoto wakaendelea.

Mwaka ule kituo cha mtihani cha kwetu kilifungwa kwa ajili ya usalama, na watoto wakatakiwa kwenda Kasongo. Siku moja kabla ya safari, msafiri mmoja alitueleza kwamba njiani kuna bariera mpya ya kuzuia wapitao, na watu waliosimama hapo hawajulikani ni wa nani. Mwalimu alikuwa hajakanyaga barabara ile tangu alipokuja na mlango wake. Uso wake ulikuwa kama majivu.

"Baki," nikamwambia. "Nitampeleka mimi."

"Nikibaki, atajifunza kwamba mwenye kuogopa hatoki nyumbani. Na yeye anaogopa."

Tulikwenda kwa pikipiki mbili. Mimi nilikuwa kwenye ya mbele, Aziza na mwalimu wakafuata. Aziza alikuwa amechukua mfuko ule ule uliokaa nyuma ya mtungi, na sikuthubutu kumwuliza kama ni kwa ajili ya Kasongo tu.

Bariera ilikuwa mwanzi mmoja uliolazwa njiani. Watu saba au wanane, wengine wamevaa nguo za kijeshi, wengine hapana. Mmoja mwenye bunduki, amevaa jezi ya mpira na kandambili, alitushusha sote.

"Nani anasema kwa ajili yenu?"

Mwalimu alipiga hatua mbele. Yeye ndiye aliyekuwa na karatasi za shule. Akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Akaufunga, akaufungua tena. Nikataka kumsaidia, lakini ulimi wangu ulikuwa umekauka kama jani. Miaka yote ya kusoma kwa sauti, na siku ile nisingeweza kutaja hata jina langu. Motari wote wawili walitazama chini.

"Hamuna midomo? Muko munaficha nini?" Akaushika mfuko wa Aziza na kuanza kuufungua.

"Mimi nitasema," Aziza akasema.

Yule mtu akamtazama.

"Tunakwenda Kasongo, kwenye mtihani wa Leta. Huyu ni mwalimu wangu, yule ni babu yangu."

"Mutihani ya nini?"

"Ya Kifaransa. Ya mdomo."

"Sema basi. Nisikie kama si uongo."

Akaanza. Kifaransa mimi sikijui. Niliifuata sauti yake tu, kama unavyomfuata kwa macho mtu anayevuka mto juu ya gogo. Ilikwenda, ikapanda, na katikati ikasimama.  Niliuona mwaka uliopita umerudi, na safari hii ukiwa na bunduki. Nilimtazama mwalimu. Alikuwa amefumba macho.

"Hapo nimekosea," Aziza akasema kwa Kiswahili, kama vile yuko mbele ya mlango wa buluu. "Narudi nyuma kidogo."

Akarudi nyuma, akaanza tena, akafika mwisho.

 Yule mwenye bunduki alitazama mfuko, akaufunga mwenyewe, akamrudishia.

"Mimi niliacha masomo mwaka ya nne," akasema. "Mwalimu yetu alikuwa anapiga." Kisha akauinua mwanzi. "Piteni. Mbio!"

Tulipokuwa mbali, mwalimu aliomba pikipiki isimame. Alishuka akatapika majanini. Aziza alimshika paji la uso kama mama anavyomshika mtoto.

"Leo ni mimi sikuleta kuni," akasema, akijifuta mdomo.

"Umeleta kubwa, Mwalimu. Ulinyamaza. Tukirudi utaiandika mlangoni."

Akacheka, mara ya kwanza siku ile, na akaendelea kutetemeka.

Kesho yake, Kasongo, Aziza aliitwa. Sisi wawili tulikaa chini ya dirisha. Maneno hayakusikika, ila sauti. Nilisikia inasimama, na kila iliposimama mwalimu alinishika mkono, na kila ilipoanza tena aliuachia. Ilisimama mara tano. Ikaanza mara tano. Alipotoka hakulia wala hakucheka. Alisema tu, "Nimewaachia makosa mengi mule ndani," kisha akaomba maji.

Matokeo yalipotoka, wanawake walimmwagia Aziza podre kichwani mpaka akawa mweupe kama mzimu, kama inavyofanywa kwa kila anayefaulu. Walimtafuta na mwalimu wammwagie. Aliposikia kelele zinakuja alidhani ni jambo jingine, akakimbilia mashambani. Walimkuta kwenye mihogo, wakammwagia huko huko. Na ule mfuko? Aziza aliutumia kwendea shule ya wauguzi.

Baada ya hapo mwalimu alihamia Kasongo, mlango ukiwa juu ya pikipiki kama alivyokuja. Miaka ilipita. Mwezi uliopita nilikwenda huko kumwona Aziza kazini kwake, nikaulizia, nikaonyeshwa nyumba. Penye mlango palikuwa na kitenge. Mlango wa buluu, ambao sasa ni mbao tu zisizo na rangi, ulikuwa ukutani nje, umejaa makosa ya watoto. Yeye alikuwa amekaa akiikabili njia, viatu miguuni, macho yameanza kufifia.

"Nani?"

"Mwizi wa dama."

"Mwalimu mukubwa! Karibu, kaa. Kaa upande huu, usinizibie njia."

Tuliongea mpaka chai ikapoa. Nikamwuliza lile ambalo kijiji kizima kilijiuliza: mtu mwenye hofu kama yeye, mbona hakuwahi kuupachika mlango wake?

Aligeuza uso kuelekea mlango.

"Ni mlango wa darasa langu," akasema. "Siku walipokuja wenye bunduki niliufunga, na watoto wote ndani. Niliwaambia: nyamazeni, mwenye kutoa sauti atatuua. Walinyamaza toka asubuhi mpaka jua lilipokuwa kichwani. Mmoja wa wale wenye bunduki aligonga mlango kwa kitako cha bunduki, hapa, papasa kwa kidole." Nikapapasa, nikakuta shimo. "Kisha wakaenda. Hakuna mtoto aliyekufa, asante Mungu. Nikafungua, nikasema: sasa semeni. Hakuna aliyesema. Kesho yake hivyo hivyo. Katoto kamoja, mpaka naondoka, hakajasema. Niliwaokoa kwa kunyamaza, na kunyamaza nikawaachia." Aliufuta uso wake. "Sikuweza kuufunga tena mlango ule. Na sikuweza kuuacha pale. Nilitaka ujifunze kazi nyingine."

Kisha akanielekezea yale macho yaliyofifia.

"Na wewe? Umekuja mikono mitupu? Kuni yako iko wapi?"

Nilikuwa nimeificha miaka mingi, na kuisema kuliniogopesha kuliko bariera. Lakini alikuwa anangoja, kwa subira ile ile aliyowangojea watoto.

"Nilipiga meza," nikasema. "Miaka saba, mbele ya Aziza. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo." Nikamkabidhi fimbo niliyokuwa nimeiegemea. Ilikuwa ile ile ya kupigia meza.

Aliishika, akaipima mikononi. Kisha akasimama kwa shida, akainamisha kichwa.

"Hii ni kuni ya siku tatu," akasema. Nilidhani ataitia motoni chini ya birika. Akanirudishia. "Kabambare ni mbali, na miguu yako imezeeka. Tembea nayo."

Pikipiki zikasikika barabarani. Nilimwona akihesabu kwa midomo: moja, mbili, tatu, nne. Mikono yake ikaanza. Nikaishika yote miwili, na yangu nayo ikawa inatetemeka. Tukakaa hivyo, wazee wawili, mpaka zikapita.

Ewe unayesoma, Mungu akulinde njiani na nyumbani. Akupe mtu wa kulipokea kosa lako bila kupiga meza. Na ulimi wako ukisimama katikati ya gogo, akuongoze urudi nyuma kidogo, uanze tena, na ufike ng'ambo salama. Amina.